Kabla ya kuchanga pesa za boti Ulaya, ulizeni upepo

Huanza hivi. Ijumaa usiku mtu anatupa video kwenye grupu ya WhatsApp: boti nyeupe, maji safi hadi unaiona nanga imelala mchangani, vijana wameketi kandokando miguu ikining'inia. Chini ameandika, "Wasee, mwaka ujao lazima." Kabla ya saa sita mna jina la chama, mna mweka hazina, na kisiwa mmeshachagua: Santorini. Swali moja tu hakuna aliyeuliza. Huko kunavuma upepo gani?

Sisemi likizo ya boti katika Bahari ya Mediterania si ya watu kama sisi. Dhana hiyo niondolee. Boti ya matanga ya vyumba vinne ikikodiwa na marafiki wanane, gharama ikigawanywa, kila mmoja anaweza kulipa kiasi kisichopishana sana na hoteli ya wastani huko huko. Boti ndiyo kitanda, ndiyo jikoni, ndiyo usafiri. Kosa letu liko kwingine. Tunachagua mahali kwa picha, na picha ndiyo ingefaa kuangaliwa mwisho.

Nahodha wa jahazi hapa mwambao hakuanza safari kwa kuuliza wapi ni pazuri. Aliuliza msimu. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni, kusi ikayarudisha, na aliyekaidi alijua malipo yake. Mediterania nayo ina pepo zake, zenye majina, tabia na miezi yake. Anayekuuzia wiki ya Agosti huenda asikutajie hata moja.

Chukua Bahari ya Aegean, kule Ugiriki, kwenye visiwa vya Cyclades: Mykonos, Paros, Naxos, na hiyo Santorini yenu. Kila kiangazi huvuma upepo wa kaskazini uitwao meltemi. Kilele chake ni Julai na Agosti, miezi ile ile ambayo kila mtu anataka kwenda. Hauji na mawingu ya kukuonya. Mbingu ni samawati, jua linawaka, na upepo unaweza kufika nguvu ya 7 kwenye kipimo cha Beaufort, yaani kilomita 50 hadi 60 kwa saa, siku kadhaa mfululizo. Mabaharia wazoefu huufurahia. Wewe ambaye boti yako ya mwisho ilikuwa feri ya Likoni, sidhani.

Rafiki yangu mmoja na wenzake walienda huko Agosti. Katika siku saba walizolipia, tatu walizimaliza wakiwa wamefungwa gatini, wakicheza karata na kuusikiliza upepo ukipiga milingoti. Santorini hawakufika. Na hata wangefika, ile ghuba ya picha ni shimo la volkano lenye kina cha mamia ya mita. Nanga ya boti ya kukodi haigusi chini. Boti nyingi hulazimika kutafuta nafasi kwenye bandari ndogo ya Vlychada, upande wa kusini, na nafasi zenyewe hazitoshi. Kisiwa kinachopigwa picha kuliko vingine ni miongoni mwa vile visivyoifaa boti.

Picha hudanganya hata kuhusu nchi, bana. Filamu ya Mamma Mia! Here We Go Again ya mwaka 2018 inakuonyesha kisiwa cha Ugiriki. Kisiwa ilikopigiwa ni Vis, na Vis iko Croatia.

Sasa vuka upande wa magharibi wa Ugiriki hiyo hiyo, Bahari ya Ionian. Hapa kuna Corfu, Paxos, Lefkada, Meganisi, Ithaca na Kefalonia. Upepo wa kiangazi hapa huitwa maestro. Kwa kawaida asubuhi bahari imetulia, mchana upepo unaanza, jioni unalala. Visiwa vimekaribiana, kwa hivyo mnaweza kusafiri saa mbili au tatu, mkatia nanga, mkaogelea, mkapika. Lefkada imeunganishwa na bara kwa daraja, kwa hivyo mnafika kwenye boti kwa basi au teksi bila kusubiri feri. Haina jina kubwa Instagram kama Mykonos, lakini mwanafunzi wa bahari hapa anafunzwa kwa upole.

Croatia ni chaguo la pili zuri. Ina visiwa, vijisiwa na miamba zaidi ya 1,000, na boti nyingi hukodiwa Jumamosi hadi Jumamosi. Kutoka Split mnaweza kuzunguka Brač, Hvar na Vis kwa wiki moja bila kukimbizana. Vis ilikuwa kambi ya jeshi la Yugoslavia na wageni hawakuruhusiwa hadi 1989, ndiyo maana haijajaa mahoteli makubwa. Wapenda raha za usiku watashuka Hvar, lakini wajue kwamba mwaka 2017 mji huo ulitangaza faini kali kwa watalii wanaolewa barabarani na wanaotembea mjini nusu uchi. Pepo za kujua ni mbili: bura, unaoshuka ghafla kutoka milimani, na jugo, unaotoka kusini-mashariki ukiwa na mawimbi na mawingu.

Kama hakuna hata mmoja wenu anayejua kamba ipi inavuta tanga lipi, nendeni Uturuki. Kati ya Bodrum, Marmaris, Göcek na Fethiye kuna boti za mbao ziitwazo gulet, ambazo hukodiwa na mabaharia na mpishi wake. Mtu aliyekulia Lamu akiiona gulet ataitambua kama binamu wa mbali wa jahazi. Safari hizi zilipata jina kupitia mwandishi Cevat Şakir Kabaağaçlı, aliyepelekwa Bodrum mwaka 1925 kama adhabu, akaipenda adhabu yake, na akawa akiwachukua marafiki zake baharini. Ghuba za Göcek zimezungukwa na milima na misonobari, na maji yake mara nyingi ni matulivu.

Utulivu huo si jambo dogo. Tuambiane ukweli: wengi wetu tuliolelewa Nairobi tunaogelea kwa mdomo. Kwenye grupu yenu ya watu wanane, hesabu wangapi wanaweza kukaa majini dakika kumi bila kushika kitu. Ukipata watatu, chagueni ghuba na mvae majaketi ya kuokolea maisha bila kuona haya. Kisiwa kizuri chenye mawimbi makubwa hakina faida kwa mtu aliyejifungia chumbani akitapika.

Riviera ya Ufaransa nitaipita haraka. Ni pazuri, ila ada ya kulaza boti bandarini kule kiangazi inaweza kuwamaliza, na upepo wa mistral ukiamka haujali umelipa ngapi. Sardinia vilevile ni ya waliozoea, maana mlango wa bahari wa Bonifacio hubana upepo na kuuongeza kasi. Na ile fukwe ya waridi ya Budelli mnayoiona mtandaoni? Hairuhusiwi kukanyagwa tangu miaka ya tisini.

Upepo ukishajulikana, kuna jambo linalotuhusu sisi kuliko Mjerumani anayeamua Alhamisi na kuondoka Ijumaa. Viza. Ugiriki, Italia, Ufaransa, Uhispania na, tangu Januari 1, 2023, Croatia, zote ziko ndani ya Schengen. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na ukinyimwa hurudishiwi. Unatakiwa uwe na bima ya angalau euro 30,000, na unaomba kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Uturuki haimo Schengen, ina viza yake. Hapo ndipo mtego ulipo. Kutoka Rhodes au Kos unaiona Uturuki kwa macho, na nahodha anaweza kukwambia twende tukanywe chai ng'ambo. Kama viza yako ya Schengen ni ya kuingia mara moja, ukivuka imeisha. Hurudi Ugiriki, na ndege yako ya nyumbani iko Athens.

Lakini linalovunja urafiki ni hili. Mko wanane, mmelipa nusu ya kodi ya boti, halafu wawili wananyimwa viza. Bei ya boti haipungui. Nani anafidia? Waliokwama Nairobi wanataka hela zao, wanaosafiri wanasema hawana. Nimeona chama cha miaka minne kikifa kwa jambo dogo kuliko hilo. Kwa hivyo kabla ya mtu yeyote kutuma shilingi kwa mweka hazina, andikeni kwenye grupu kwa maneno wazi: akinyimwa mmoja tunafanyaje? Tena someni mkataba wa boti muone kama unaruhusu kubadilisha tarehe au majina, na ni lini pesa hazirudi tena.

Hesabu pia kuna nyingine iliyofichwa. Boti isiyo na nahodha hukodishwa kwa mwenye cheti kinachotambulika, na Croatia wanataka pia cheti cha redio. Wengi wetu hatuna, kwa hivyo mtamwajiri nahodha. Nahodha analala humo humo na mnamlisha. Ile hesabu yangu ya watu wanane wa mwanzo sasa ni watu sita, maana chumba kimoja ni chake. Ongeza amana ya maelfu ya euro inayozuiliwa kwenye kadi ya mmoja wenu hadi boti irudi bila mchubuko. Ongeza mafuta, maji na ada za gati. Mkipanda mwezi wa tano au wa kumi badala ya Agosti, kodi yenyewe inaweza kushuka hata karibu nusu, na pepo nyingi za kiangazi zitakuwa hazipo au zimepungua. Mwezi unaweza kuwaokolea pesa kuliko kubadilisha nchi.

Kuna jambo jingine siwezi kulipita kimya. Bahari hii tunayoichangia likizo ndiyo inayomeza wahamiaji kila mwaka, wengi wao vijana wa rika letu na wengine kutoka bara letu. Juni 14, 2023, boti ya uvuvi iliyotoka Libya ikiwa imejaa mamia ya watu ilizama nje ya Pylos, kusini mwa visiwa vile vile ninavyokusifia. Mamia walikufa. Sikwambii uache kwenda kwa sababu hiyo. Nakwambia uende ukijua. Sheria ya bahari inamtaka nahodha yeyote amsaidie aliye hatarini, hata kama yuko likizoni. Siku ya kwanza muulize nahodha redio iko wapi na chaneli ya 16 hutumika vipi. Pengine hutaihitaji kamwe, lakini uijue.

Najua utaniuliza: si afadhali Lamu? Kwa wengine, ndiyo, na hakuna aibu. Mimi ningesema Lamu au Kilifi kwanza. Kodini jahazi kwa siku moja kabla ya kulipa euro hata moja. Mtajua nani anatapika, nani anaogopa, nani anajifanya nahodha na nani haoshi sufuria. Siku moja kwenye jahazi itawafunza kuhusu wenzenu kuliko miaka miwili ya kupiga stori WhatsApp. Kitakachowashangaza baadaye ni jinsi Mediterania isivyokupwa na kujaa kama kwetu. Mombasa wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, kule sehemu nyingi hata nusu mita haifiki. Ndiyo maana boti zao huingia gatini kinyumenyume na kujipanga ubavu kwa ubavu kama matatu kwenye steji, na asubuhi nanga zimepandana, kila mtu anamfokea jirani kwa lugha yake.

Kwa hivyo nawe ukiniuliza wapi, nitakujibu hivi. Kama ni mara ya kwanza na mna nahodha, Ionian, Juni au Septemba. Kama hamjui chochote na mnataka kupikiwa, gulet kutoka Göcek au Fethiye. Kama mnataka visiwa na raha za usiku, Split hadi Vis. Cyclades iachieni safari ya tatu, mkiwa na mikono iliyoota sugu za kamba.

Na video nyingine ikitupwa kwenye grupu Ijumaa hii, usijibu kwa emoji ya moto. Uliza mwezi gani, upepo gani, viza ya wapi, na nani hajui kuogelea. Watakuita mzee. Mwache mweka hazina acheke, ila asikusanye hela kabla hajajibu.