Ruzuku moja, masharti mawili

Jamani, sisi waandishi tukialikwa kwenye hafla ya kukabidhi hundi tunapiga picha, tunakunywa soda, tunaondoka. Mkataba hatuombi. Na mimi nimo.

Juzi nilikaa nikasoma masharti ya ruzuku za ukimwi za Marekani. Sheria yao ya mwaka 2003 inataka asasi inayopokea fedha hizo iwe na sera ya kupinga waziwazi ukahaba na usafirishaji wa watu kwa ajili ya ngono. La pili nani atalikataa? Tatizo ni la kwanza. Kutumia fedha hizo kutetea ukahaba kuna katazo lake peke yake. Hapa asasi yenyewe lazima itamke msimamo. Shirika la Afya Duniani lilisamehewa, Mfuko wa Dunia pia (wakubwa hao!). Brazil mwaka 2005 waliona bora wazikose dola milioni 40.

Asasi za Kimarekani zikaenda mahakamani. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ikasema kuzilazimisha ni kuvunja uhuru wao wa kusema. Safi! Lakini mwaka 2020 mahakama hiyo hiyo ikaamua kuwa asasi ndugu zao zilizosajiliwa nje hazina haki hiyo.

Yaani ofisi ya New York inaweza kukaa kimya, ya Dar es Salaam itamke. Sasa yule mhudumu anayezunguka usiku na kondomu, dada wa barabarani akimuuliza, "Mbona ofisi yenu imesaini kunipinga?", atajibu nini?

Hafla ijayo naomba mkataba kwanza. Soda baadaye.