Sitaweka Sahihi Barua Hiyo



Neno la leo ni la wazazi, na sitalizungusha. Kila muhula ukifunguliwa kuna wazazi wanaonijia, wengine ofisini, wengine kwa simu, na ombi ni lile lile. "Pasta, tuandikie barua ya shule. Mwambie mwalimu mkuu kwamba imani yetu hairuhusu msichana kuvaa suruali, kwa hivyo wetu asiingie kwa PE." Wanataka muhuri wa kanisa na sahihi yangu.

Mpendwa, sitaweka sahihi barua hiyo. Najua unampenda binti yako, na najua unamcha Mungu. Lakini barua hiyo inasema jambo ambalo Mungu hakulisema, na anayelipa gharama yake ni mtoto. Chukua Biblia yako, tuifungue pamoja.

Andiko ninalotajiwa kila mara ni Kumbukumbu la Torati 22:5, linalokataza mwanamke kujivika vya mwanamume na mwanamume kujivika vya mwanamke. Mimi naliamini andiko hilo. Sijalifuta. Lakini usisome mstari mmoja ukafunga kitabu! Teremka kidogo. Mstari wa 9 unakataza mbegu za namna mbili katika shamba la mizabibu, na Walawi 19:19 inakataza hivyo hivyo kwa shamba lolote. Sasa wacha nikuulize: mahindi yako na maharagwe yako umeyapanda wapi? Si shamba moja? Mstari wa 11 unakataza nguo iliyochanganywa sufu na kitani. Umewahi kusoma lebo ya koti lako la Jumapili? Mstari wa 12 unataka vishada katika pembe nne za vazi. Mbona sijaviona kanisani?

Ukimbebesha msichana wa miaka kumi mstari wa 5, na wewe mtu mzima umejisamehe wa 9, wa 11 na wa 12, huo si utakatifu. Huko ni kuchagua mzigo na kumtwika aliye mdogo kuliko wewe. Bwana Yesu aliwakemea walimu waliofanya hivyo katika Mathayo 23:4.

Na mstari wenyewe unakataza nini? Unakataza mtu kujigeuza, mwanamke kujifanya mwanamume na mwanamume kujifanya mwanamke. Siku za Musa wanaume na wanawake wote walivaa mavazi marefu, na bado watu walijua nani ni nani. Msichana aliyevaa traksuti ya shule, iliyoshonwa kwa kipimo cha wasichana, akasimama katika mstari wa wasichana na kuitikia jina lake la kike, amemdanganya nani? Hakuna aliyemwona akadhani ni Yohana.

Tena kuna andiko ambalo hamjawahi kuniletea. Fungua Kutoka 28:42. Mungu anaagiza Haruni na wanawe washonewe suruali za kitani. Kwa nini? Zifunike uchi wao, kuanzia kiunoni hadi mapajani, wanapohudumu. Rudi nyuma kidogo, Kutoka 20:26, uone Mungu alivyokuwa amekataza madhabahu ya ngazi, kusudi mtu anayepanda asije akaonekana uchi. Umeona jambo hilo? Mungu alijua kwamba mtu anayetembea, anayepanda, anayeinama kufanya kazi, kanzu peke yake haimtoshi. Suruali ilikuja ili kusitiri mwili unaposogea. Utaniambia makuhani walikuwa wanaume. Ni kweli. Lakini niambie, je, mwili wa binti yako unahitaji kusitiriwa kidogo kuliko wa Haruni?

Mfikirie mtoto wa Gredi ya 5 uwanjani, amevaa sketi. Mwalimu anasema leo ni kubiringika mbele. Anasema leo ni kuruka juu. Anasema mkimbie mpaka kwenye ule mti na mrudi. Mtoto anakimbia mkono mmoja umeshika pindo la sketi. Nusu ya nguvu zake inakimbia, nusu inajifunika. Upepo ukipiga, wavulana wanacheka. Wiki inayofuata anasema tumbo linauma. Wiki ya tatu hasemi kitu, anaenda tu kukaa kivulini akilinda masweta ya wenzake. Na wewe nyumbani unamshukuru Mungu kwamba mtoto wako ana adabu!

Ile sketi unayoitetea kwa jina la kujisitiri ndiyo inayomwacha wazi. Ile traksuti unayoipinga ndiyo inayomsitiri. Mmepigania kitambaa mkasahau kazi ya kitambaa.

Akina mama, hapa mtanielewa haraka. Binti akianza hedhi, siku ya PE inakuwa siku ya hofu. Mwaka 2017 Sheria ya Elimu ya Msingi ilirekebishwa ili serikali iwape wasichana wa shule za umma sodo bila malipo, kwa sababu nchi ilikubali kwamba wasichana wanakosa masomo kwa jambo ambalo Mungu mwenyewe aliliumba. Basi fikiria msichana huyo na suruali ya michezo ya rangi nzito, bluu au nyeusi, halafu mfikirie na sketi nyepesi. Ni yupi atakayesimama mwalimu akipuliza kipenga?

Wengine wananiambia, "Pasta, PE ni kucheza tu. Hata Paulo alisema mazoezi ya mwili yana faida kidogo." Unasoma 1 Timotheo 4:8. Sawa. Paulo alikuwa anayapima mazoezi na utauwa, na ukiyaweka kando ya uzima wa milele, kila kitu ni kidogo, hata hesabu, hata Kiingereza, hata ile digrii unayomwombea mtoto. Mbona hujaniletea barua ya kumtoa kwa hesabu? Ni Paulo huyo huyo ambaye katika 1 Wakorintho 9 anatufundisha imani kwa mfano wa mkimbiaji uwanjani na mpiganaji wa ngumi. Hakuwadharau.

Naye nabii Eliya? 1 Wafalme 18:46. Mkono wa Bwana ulipokuwa juu yake, alijifunga viuno akapiga mbio mbele ya Ahabu hadi Yezreeli. Kujifunga viuno ni nini? Ni kulikusanya lile vazi refu, ukalipandisha na kulikaza, ili miguu ipate nafasi. Watu wa Biblia walijua kwamba vazi la kuketi si vazi la kukimbia. Eliya alijua. Sisi tumesahau.

Na PE si mchezo wa kupitisha wakati. Ni somo, liko kwenye ratiba. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, kwa ajili ya moyo, mifupa na hata akili. Katika mtaala huu mpya, mwanafunzi akifika sekondari pevu anachagua kati ya mikondo mitatu, na mmoja wapo ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kundi la kwanza la Gredi ya 10 lilianza Januari 2026. Kwa hivyo barua unayotaka niiandike leo inaweza kumfungia binti yako mlango ambao hajaufikia bado. Kama Mungu aliweka mbio katika miguu yake, wewe ni nani uzifunge?

Sasa niseme jambo litakalouma kidogo. Faith Kipyegon alipochukua dhahabu ya mita 1500 Rio 2016, akaichukua tena Tokyo, halafu ya tatu mfululizo Paris 2024, ulifanya nini? Uliruka kutoka kwa kiti! Ulipiga vigelegele. Ulisema Mungu ameikumbuka Kenya. Hukuuliza bukta yake ina urefu gani. Pamela Jelimo alipokuwa Mkenya wa kwanza wa kike kushinda dhahabu ya Olimpiki, Beijing 2008, ulituma ujumbe wa pongezi. Malkia Strikers wakicheza voliboli unawaombea. Binti wa mwenzako akikimbia ni baraka za taifa, binti yako akivaa traksuti ni dhambi? Mizani hiyo ni ya wapi? Mithali 11:1 inatuambia Mungu anaionaje mizani ya udanganyifu.

Nisikilize vizuri lakini, kwa sababu najua kuna mtu atakayekata kipande cha maneno haya akayasambaza. Sisemi kila vazi ni sawa. Bukta inayobana mwili wa mtoto, au iliyo fupi kiasi kwamba anaivuta chini kila dakika, haifai, na una haki ya kusimama katika mkutano wa wazazi ukasema. Simama useme! Hata wasio wa kanisa wameliona hili. Mwaka 2021 timu ya wanawake wa Norway ya mpira wa mikono wa ufukweni ilitozwa faini ya euro 1,500 kwa sababu walivaa bukta badala ya chupi za kuogelea zilizotakiwa na kanuni. Mwaka huo huo kanuni ikabadilishwa. Huko wakubwa waliwalazimisha wanawake kujifunua, huku wakubwa wanawalazimisha wasichana wakae chini ya mti. Kosa ni moja. Hakuna aliyemuuliza anayekimbia anahitaji nini ili akimbie kwa amani.

Na kuhusu 1 Timotheo 2:9, mtume anataka mavazi ya adabu na kiasi. Amina. Lakini soma mpaka mwisho. Vitu anavyovitaja kwa majina ni nywele za kusuka, dhahabu, lulu na nguo za gharama. Suruali hakuitaja. Nikianza kuhubiri orodha hiyo kama ilivyo, Jumapili ijayo viti vingi vitabaki bila watu.

Kuna wanaume wanaosema, "Pasta, hizo suruali zinatuletea majaribu." Ndugu yangu, unazungumza kuhusu mtoto wa shule! Mathayo 5:28-29, Yesu anapozungumzia macho yenye tamaa, anamgeukia mwenye macho. Anamwambia ashughulike na jicho lake. Hamtumi msichana kwa fundi aongezewe kitambaa. Na kama kuna mtu mzima shuleni anayewatazama watoto kwa namna hiyo, au anayewagusa, dawa yake si sketi ndefu. Dawa yake ni Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006. Piga 116, simu ya watoto, bila malipo. Usije kwangu tuombe kimya kimya huku mwenye makosa anaendelea kufundisha.

La mwisho ni la pesa, maana najua kuna wazazi wanaotaja imani kwa sababu wanaona aibu kutaja mfuko. Traksuti ya shule ni ghali, na kuna shule zinazotaka inunuliwe kwa duka moja tu. Mzazi, usimsingizie Mungu. Sema ukweli: sina. Kanisa liko kwa ajili hiyo. Yakobo 2:15-16 inatuuliza imani yetu ina faida gani tukimwambia asiye na nguo aende salama, akaote moto, na hatumpi kitu. Faith Kipyegon mwenyewe mwaka 2010 alikimbia mbio za nyika za dunia za chipukizi kule Poland bila viatu, akamaliza wa nne. Mtoto hahitaji kitu cha bei ili aanze. Anahitaji kitu cha heshima kinachomruhusu kusogea.

Basi tufanye hivi.

Mzazi mwenye uwezo, watoto wanakua, na traksuti za mwaka jana zimekuwa fupi. Zifue, uzilete Jumapili. Mafundi wa kushona tulio nao kanisani, tupeni saa moja ya kurekebisha. Wenye kwenda Gikomba, Toi, Kongowea au Kibuye, mkiona suruali nzuri ya michezo ya rangi nzito, chukua moja zaidi. Walio kwenye bodi za shule, ombeni kwamba mtoto asiye na sare ya michezo aruhusiwe kufanya somo na tisheti na suruali yoyote ya heshima, asikalishwe kando kama mfungwa. Na kama kweli dhamiri yako bado inakusumbua, mshonee binti yako shati refu lifike mapajani, alivae juu ya traksuti. Hilo nitakuandikia barua yake leo leo, na nitaweka sahihi na muhuri.

Lakini barua ya kumtoa uwanjani, hapana. Nitasimama mbele za Mungu nikiwa nimekataa mengi, na hilo liwe mojawapo.

Baba katika jina la Yesu, bariki miili ya watoto wetu uliyoiumba wewe. Walinde na macho mabaya. Tupe sisi wazazi hekima ya kutowafungia njia ulizozifungua. Amina.

Kama una binti shuleni, muulize leo jioni, kwa upole: "PE ikifika, wewe huwa wapi?" Halafu nyamaza umsikilize.

Mtumie mzazi mwingine ujumbe huu. Mbarikiwe.

Ni mimi mchungaji wenu.