"Endelea Hivyo Hivyo" Ni Tusi

Haya wasomaji wangu, leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata. Nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na watu wapole. Wenye matusi nitawafikia, lakini hao kila mtu anawajua. Ninaowataka kwanza ni wale ambao kijana akiweka mtandaoni animesheni yake ya kwanza ya nusu dakika, wanaandika chini yake "Uko juu!", "Moto wa kuotea mbali!", "Kazi safi, endelea hivyo hivyo!" kisha wanaenda zao wakijiona wametenda wema.

Aendelee hivyo hivyo vipi? Hukuona miguu ya mhusika ikiteleza njiani kana kwamba barabara imepakwa sabuni? Akikutii, mwaka ujao atakuwa na animesheni kumi na zote zitateleza. Umemwambia mwenyewe aendelee.

Hivi majuzi nilitazama kazi ya kijana mmoja, jina nitalihifadhi. Mama anachota maji bombani, anajaza mtungi wa lita 20, anapanda nao kilima hadi nyumbani. Rangi nzuri, vibanda vya mabati vinafanana kabisa na vya kwetu, na kuna mbuzi amesimama juu ya jaa la taka ambaye nilimpenda bure. Shida ni mama. Anatembea wima kama askari wa gwaride, mkono mmoja umeshika mtungi, mwingine unapunga kwa raha. Sasa, lita 20 za maji ni kilo 20. Yeyote aliyewahi kuzibeba anajua mwili unafanya nini: kiwiliwili kinaegemea upande usio na mzigo, mkono mtupu unatanuka kutafuta mizani, hatua zinakuwa fupi, na kila baada ya mwendo kidogo lazima utue chini ubadilishe mkono. Hakuna hata kimoja cha hayo kilichoonekana.

Maoni yalikuwa mengi. Karibu yote ni "moto" na "uko juu". Mawili yalikuwa ya kejeli. Na moja, lililoandikwa na mtu ambaye nadhani hajawahi kufungua programu ya animesheni maishani mwake, lilisema: "Kwani mtungi hauna maji?"

Basi! Hilo ndilo oni pekee lililokuwa na thamani katika ukurasa mzima. Aliyeliandika pengine alikuwa anatania, sijui, lakini alifanya kitu ambacho wengine wote hawakufanya: alitazama, kisha akasema jicho lake liliona nini. Kijana akilisoma kwa makini ana kazi ya wiki nzima. Uzito haupo. Auweke vipi? Atafute mtungi, aujaze, ajirekodi kwa simu akipanda ngazi.

Sisi waundaji wa programu tumeishi na jambo hili miaka mingi. Mtumiaji anakuandikia: "Haifanyi kazi." Ujumbe huo hauna faida yoyote, wala ule wa "Programu yako ni nzuri sana". Simon Tatham, yule Mwingereza aliyetuandikia PuTTY, alitoa makala mwaka 1999 kuhusu namna ya kuripoti hitilafu, na mpaka leo naituma kwa wateja wangu wakorofi. Kiini chake ni rahisi: sema ulifanya nini, uliona nini, na ulitarajia kuona nini. Dawa ya hitilafu mwachie mwenye msimbo, isipokuwa una hakika unaijua.

Hebu lihamishe hilo kwenye animesheni uone linavyokaa. "Sekunde ya 12, mama anapopita duka, nilidhani mtungi ni mtupu." Sentensi moja. Haihitaji ujue kanuni 12 ambazo Frank Thomas na Ollie Johnston wa Disney waliziandika katika kitabu chao cha mwaka 1981. Inahitaji uwe umetazama hadi sekunde ya 12, na hapo ndipo nashuku penye tatizo. "Uko juu!" inaweza kuandikwa na mtu aliyeona picha ya jalada tu.

Na sifa nazo ziandikwe hivyo hivyo, kwa sekunde. Yule mbuzi kabla ya kuruka kutoka jaani alirudi nyuma kidogo, akakunja magoti, ndipo akaruka. Huko kujiandaa kabla ya tendo ni mojawapo ya zile kanuni 12, na kijana aliipata sawasawa, labda kwa kusoma, labda kwa kutazama mbuzi wa jirani. Mtu angemwambia: "Sekunde ya 19, mbuzi anavyojikunja kabla ya kuruka, nimerudisha nyuma mara tatu." Hapo kijana angejua mkono wake unaweza nini, na angejua kitu gani asikiguse anaporekebisha vingine. Mwenye kuandika programu ananielewa. Tunavyotibu hitilafu moja na kuvunja kilichokuwa kizima ni aibu ya kila wiki.

Kuna kundi lingine la sifa ambalo linaniudhi zaidi, nalo ni la wazalendo. "Tuunge mkono vya kwetu!" Naam, tuunge. Lakini sifa inayotolewa kwa sababu mtu ni Mkenya ina dharau ndani yake: inasema kwamba kwa Mkenya hiki kinatosha. Ng'endo Mukii, ambaye filamu yake ya Yellow Fever ilitoka mwaka 2012 na kipande chake cha Enkai kikaingia katika mkusanyiko wa Kizazi Moto mwaka 2023, hahitaji kuhurumiwa na mtu. Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010, ilitazamwa na watoto wa Uingereza ambao hawakujua hata Nairobi iko wapi. Watoto hawana uzalendo kwenye katuni. Wakichoka wanabadilisha chaneli.

Sasa wenye kejeli. Wimbo wao ni mmoja: "Hii si Pixar, bwana." Kweli si Pixar. Pixar wana mamia ya watu na miaka kadhaa kwa kila filamu. Lakini anayelitumia jina hilo kama rungu hajui Pixar wenyewe wanafanyaje kazi. Ed Catmull, mmoja wa waanzilishi wake, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2014, Creativity, Inc., kwamba filamu zao zote mwanzoni huwa mbaya. Hilo alilisema bila kuficha. Kinachoziokoa ni kuonyeshana kazi ikiwa bado mbovu. Wachoraji huonyesha vipande ambavyo havijakamilika mbele ya wenzao, na kuna kundi la wakongwe ambalo hutazama filamu nzima na kumweleza mwongozaji wapi inalegea. Kundi hilo halina mamlaka ya kumwamuru. Anasikiliza, kisha anaamua mwenyewe. Disney ya miaka ya 1930 ilikuwa na chumba kidogo cha kutazamia michoro ya penseli iliyopigwa filamu kabla haijapakwa rangi, na wafanyakazi walikiita sanduku la jasho. Jina linatosha kukuambia hali ya hewa ya mle ndani.

Angalia wakati ambapo maoni hayo yanatolewa: kazi ikiwa ya penseli. Huku kwetu tunangoja iive kabisa ndipo tuseme. Piga hesabu. Dakika moja ya animesheni kwa fremu 24 kila sekunde ni fremu 1,440. Tuseme kompyuta ya kijana, ile ya mitumba yenye feni inayolia kama posho mill, inachukua dakika 3 kuzalisha kila fremu. Hiyo ni dakika 4,320, saa 72, siku tatu usiku na mchana, ikiwa stima hazitapotea. Umemwacha ateketeze siku tatu ndipo umwambie mtungi ni mtupu? Kuinamisha kiwiliwili katika mchoro mbichi ni kazi ya jioni moja.

Nitaambiwa hawa ni wachanga, wanajifurahisha, ukiwakosoa watavunjika moyo. Hoja hii naiheshimu kidogo, maana nimewaona walioacha. Lakini niliowaona hawakuachishwa na mtu aliyewaambia sekunde ya 12 ina kasoro. Wengine waliachishwa na kejeli. Wengine, na hawa ndio wanaonisikitisha, waliachishwa na ukimya uliovaa nguo za sifa: waliweka kazi ya kwanza wakaambiwa moto, ya pili moto, ya tano moto, na wao wenyewe wanaona kwa macho yao kwamba ya tano ina kasoro zile zile za kwanza. Mtu mwenye akili akisifiwa hivyo mwishowe anajua hakuna anayetazama. Anafunga kompyuta.

Na vyombo si kisingizio tena. Blender ilifunguliwa kuwa programu huria mwezi Oktoba 2002, baada ya watumiaji wake kuchanga euro 100,000 kuikomboa, na ukiipakua Kisumu leo unapata ile ile anayopata mtu wa Ulaya. Filamu ya Flow ya Gints Zilbalodis kutoka Latvia ilitengenezwa kwa Blender na ikachukua Oscar ya filamu bora ya animesheni mwaka 2025. Filamu yake ya kabla ya hiyo, Away ya mwaka 2019, aliitengeneza peke yake, muziki ukiwemo. Simwambii kila kijana atafika huko. Nasema tu kwamba bei ya programu imeondoka njiani, na kilichobaki kukosekana kwa mtu anayejifundisha chumbani kwake ni jicho la pili.

Jicho hilo ni lako wewe unayesoma hapa, hata kama unauza mitumba Gikomba na hujui fremu ni nini. Umebeba maji, umeshuka kwenye matatu inayotembea, umemwona mlevi akijaribu kuvuka mtaro. Miili unaijua. Ukiona mwili wa katuni unadanganya, taja sekunde na useme ulichokiona, kwa lugha uliyo nayo.

Nanyi mnaotengeneza msitukalishe gizani. Ukiweka kazi, andika unachotaka kitazamwe. "Hii bado mbichi, rangi msijali, niambieni kama mtungi ni mzito." Ukiandika "maoni yenu wapendwa" na vikopakopa vitatu, utapata moto na uko juu, na lawama hapo tutagawana.

Wiki ijayo narudi kwenye ile makala ya kuhifadhi nakala za hifadhidata niliyowaahidi.