Betri Kuukuu Nayo Ipewe Kiti

Jumuiya ya Kimataifa ya Elektrokemia, iliyoanzishwa mwaka 1949, huwakutanisha wanachama wake kila mwaka, na maandalizi ya mkutano ujao yanaendelea. Aliyefuatilia mikutano ya karibuni hahitaji kupiga ramli kujua mada zitakazotawala: lithiamu, sodiamu, hidrojeni, na betri zisizo na kimiminika ndani. Hatuna ugomvi na hayo. Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2019, waliyopewa John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino kwa kazi ya betri za lithiamu, ilikuwa haki yao kabisa, tena ilichelewa.

Hoja yetu ni nyingine. Betri inayowasha daladala na matatu, na ambayo bado inashika taa za sola katika nyumba nyingi, ni ile ya risasi na asidi aliyoibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Kwa kuwa ni ya zamani, wanasayansi wengi wanaiona imekwisha. Haijaisha.

Mwangalie fundi betri akiwa kazini. Anafungua vifuniko sita, anachovya haidromita, kipimo cha msongamano wa asidi, chumba kimoja kimoja na kusoma. Ikielea karibu na 1.26, chumba kimejaa. Ikizama hadi 1.1 au pungufu, hakina kitu. Vitano vikiwa sawa na kimoja kikigoma kupanda hata baada ya kuchajiwa, anakwambia ukweli papo hapo: nunua nyingine. Anachopima ni asidi iliyohama. Betri inapotumika, asidi ya salfuriki hujifunga kwenye sahani zote, chanya na hasi, zikawa salfeti ya risasi; ikichajiwa, asidi hurudi majini. Betri ikiachwa tupu kwa wiki kadhaa, fuwele za salfeti hukua na kukomaa, na chaji haizivunji tena. Hiyo ni elektrokemia safi, na fundi huyo anaifanya kila siku bila kualikwa popote.

Balaa huja betri ikishakufa. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, na risasi ina soko. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanaijua biashara hiyo. Kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kando ya makazi yao kiliwaachia sumu katika udongo na katika damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani humo, aliongoza mapambano na kupata Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa na vuta nikuvute, Mahakama ya Juu ya Kenya ikairejesha amri hiyo Desemba 2024. Risasi hudumaza akili ya mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Sasa twende Likasi, Katanga, nchini Kongo. Huko, tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, shaba iliyoyeyushwa kwa asidi imekuwa ikipitishiwa umeme ndani ya mabirika, ikajishika polepole kwenye kathodi hadi ikawa bamba la kubanduliwa. Kwa nini risasi nayo isivunwe hivyo, badala ya kuchomwa katika tanuri linalotema moshi na vumbi?

Jibu ni kwamba risasi ni mkaidi kuliko shaba. Salfeti yake karibu haiyeyuki majini, kwa hiyo lazima kwanza iondolewe salfa. Asidi zilizozoeleka kuyeyushia kinachobaki zina floridi, na hizo nazo ni hatari. Kwenye kathodi risasi hupenda kuota miiba badala ya kutulia bapa, na kwenye anodi sehemu yake huganda kama oksidi, ikahitaji kushughulikiwa upya. Wapo watafiti wanaojaribu asidi na vimiminika vingine visivyo na madhara hayo, na baadhi ya matokeo yanatia moyo. Ila usitarajie mtambo wa namna hiyo uhimili umeme unaokatika kila jioni, wala bei inayomfanya mchuuzi wa vyuma chakavu apeleke mzigo wake kwingine. Hapo kemia peke yake haitoshi, na ndiyo sababu suala hili linahitaji ukumbi wenye wanakemia, wahandisi na wenye viwanda pamoja.

Kwa hiyo tunawaomba waandaaji watenge kikao kizima cha kurejeleza risasi bila tanuri, si mabango mawili matatu kwenye korido, na wawape nauli wahandisi wa Katanga pamoja na mafundi wa Mombasa na Dar es Salaam. Nawe msomaji unayefundisha au kutafiti kemia katika vyuo vyetu, tuma ikisiri yako kabla dirisha halijafungwa.