Fadhila ya punda ni mateke? Tuanze na aliyemfundisha

Ndugu wafugaji, mavuno yanakaribia na punda wananunuliwa kwa wingi minadani. Jambo moja linajirudia kila mwaka: punda ananunuliwa Jumamosi, Jumatatu yuko kwenye mkokoteni na mtoto kapandishwa mgongoni. Akimwangusha huyo mtoto, tunasema, "Si mnajua, fadhila ya punda ni mateke." Mimi naona methali hiyo tunamwonea nayo mnyama. Mateke mengi ni ya punda ambaye hakufundishwa.

Farasi akiogopa hukimbia. Punda mara nyingi husimama kwanza, apime hatari. Sisi tunaita ubishi, tunachukua fimbo. Hapo anajifunza kwamba mtu akiwa nyuma yake ni maumivu, na dawa yake ni teke.

Kwanza angalia umri. Chini ya miaka 3 mifupa haijakomaa. Asibebe mtu wala mzigo. Ukimleta nyumbani, siku za mwanzo mzoeshe tu kuguswa: shingo, mgongo, tumbo, kisha miguu. Halafu mvishe hatamu laini, atembee nawe, asimame ukimwambia. Neno liwe moja kila siku. Leo "simama", kesho "hoo", atachanganyikiwa. Mfundishe akiwa na punda mwenzake aliyezoea kazi, maana punda hutulia akimwona rafiki yake. Baadaye weka gunia tupu mgongoni, kisha mzigo mdogo. Mtu awe wa mwisho. Vipindi viwe vifupi, na umalize akiwa bado ametulia.

Wa mkokoteni aanze kwa kuburuta gogo jepesi, azoee kelele za nyuma. Na tafadhali, usimvishe nira ya ng'ombe. Ng'ombe ana nundu ya kusukumia nira. Punda hana, yeye anavuta kwa kifua. Mtengenezee mkanda mpana wa kifuani, uwe laini ndani. Punda mwenye kidonda kila akivuta anaumia, sasa utamfundisha nini?

Najua mtaniambia: "Afisa, muda huo wote nautoa wapi, na mahindi yako shambani?" Swali ni la haki. Lakini punda aliyetunzwa vizuri anaweza kuishi zaidi ya miaka 20. Wiki chache za subira ukizipima na miaka hiyo, ni kitu gani? Na mtoto akivunjika mguu, hutakwenda shambani wala mnadani, utashinda hospitali. Kama msimu umekubana, kodi punda aliyekwisha kuzoea kazi, wako mfundishe taratibu.

Kipimo changu ni hiki: mtoto asipande mpaka wewe mtu mzima uweze kuinua kwato zote 4 za punda huyo, moja moja, bila fimbo na bila mtu wa kumshikilia. Ukishindwa hata moja, bado hajawa tayari.