Mashua hizi kuukuu hazikurudi kupiga picha

KWA leo tunawaomba wasomaji wetu watuvumilie. Ligi ipo, tetesi za usajili zipo, kelele za waamuzi zipo, na kesho tutarudi huko huko. Ila kuna jambo la baharini limetukaa kichwani, na tunaamini mtu wa mpira atalielewa haraka kuliko anavyodhani.

Aprili 2024, mashua ya matanga iitwayo Maiden ilikata mstari wa mwisho pale Cowes, kusini mwa Uingereza, ikiwa imeizunguka dunia. Ndani yake walikuwamo wanawake 12, nahodha wao Heather Thomas. Mashua yenyewe iliundwa mwaka 1979, yaani ina umri wa kuwa mama wa baadhi ya waliokuwa wakiiendesha. Wakafunga kamba, wakashuka, halafu wakaambiwa wasubiri.

Wasubiri nini? Kwanza, wao hawakuwa wa kwanza kufika. Pen Duick VI ya Ufaransa, chini ya nahodha Marie Tabarly, ilishatia nanga siku kadhaa kabla yao. Pili, nyuma yao kulikuwa na mashua nyingine ya Ufaransa, Triana, ambayo bado ilikuwa baharini na saa yake inahesabiwa. Ilibidi muda wa Triana uishe ndipo Maiden itangazwe bingwa. Hapo ndipo ikaandikwa historia: kikosi cha kwanza cha wanawake watupu kushinda mbio za matanga za kuzunguka dunia.

Najua kuna msomaji ameshaanza kukuna kichwa. Wa kwanza kufika amepokwaje ubingwa? Hajapokwa. Mashua ndefu huenda kasi kuliko fupi, hilo ni suala la maumbile tu, sawa na farasi na punda. Kwa hiyo kabla ya mbio kila mashua inapimwa: urefu, uzito, ukubwa wa matanga. Inapewa namba yake, na siku ya mwisho muda iliotumia baharini unazidishwa kwa namba hiyo. Wacheza gofu wanaijua hesabu hii, wanaiita hendikapu. Ni kama vile timu ya Championship icheze na bingwa wa Ligi Kuu, halafu kila bao lipimwe kwa bajeti ya klabu iliyolifunga. Tungekuwa na mabingwa wa ajabu kweli kweli.

Mashindano hayo yanaitwa Ocean Globe Race. Yalianza Southampton Septemba 10, 2023, mashua 14, moja ikipeperusha bendera ya Afrika Kusini. Zilipita Cape Town, Auckland na Punta del Este kule Uruguay, kisha zikarudi Uingereza, safari ya maili 27,000 hivi za baharini. Mwandaaji wake ni Don McIntyre, baharia wa Australia, na alichokuwa anafufua ni mbio za Whitbread za mwaka 1973, mbio za kwanza za vikosi vya matanga kuizunguka dunia. Zilikuwa zinatimiza miaka 50.

Hizo za 1973 zinastahili kusimuliwa. Mashua 17 ziliondoka Portsmouth. Waingereza walileta Great Britain II ya Chay Blyth, imejaa askari wa miamvuli, watu wa shoka. Wafaransa wakamleta Éric Tabarly, nyota wao mkubwa, na Pen Duick VI ikiwa mpya kabisa. Na kutoka Mexico akaja mfanyabiashara mmoja, Ramón Carlín, ambaye alikuwa hajatimiza hata miaka mingi tangu aanze kuendesha matanga, akiwa na mke wake, mtoto wake na jamaa zake ndani ya mashua iitwayo Sayula II. Kwa lugha ya kwetu, timu ya mtaa imepangwa kundi moja na vigogo.

Tabarly alivunjika mlingoti, akatengeneza, ukavunjika tena. Sayula II ilibiruka kwenye bahari ya kusini, ikainuka, ikaendelea. Great Britain II ilitumia muda mfupi kuliko zote. Lakini hesabu ya hendikapu ilipopigwa, bingwa akawa yule Mmexico na familia yake. Furaha hiyo haikuwa bila msiba: mabaharia watatu walichukuliwa na bahari na hawakurudi. Jambo hilo tutalirudia, kwa sababu mwandaaji yeyote wa mbio za namna hii anapaswa kulala nalo na kuamka nalo.

Baadaye Whitbread ikakua, ikabadili mdhamini na jina, na sasa inaitwa The Ocean Race. Fedha ziliingia, mashua zikawa mitambo, na baharia wa kawaida mwenye kazi yake na familia yake akabaki kwenye jukwaa. Tunaijua hadithi hiyo. Hatulaumu, mchezo unakua. Ila mashua za zamani zilikwenda wapi?

Ya Maiden tunaijua, na mwisho wake ulikuwa huku kwetu, Bahari ya Hindi. Tracy Edwards aliinunua ikiwa imechoka, akiweka nyumba yake rehani, kwa sababu hakuna aliyetaka kumpa nafasi baharini isipokuwa ya kupika. Wakaifufua, Mfalme Hussein wa Jordan akawasaidia kupata mdhamini, na katika Whitbread ya 1989 hadi 1990 wanawake hao walishinda hatua mbili na kumaliza wa pili kwenye daraja lao. Baada ya hapo mashua ikauzwa, ikapita mikono mingi, na mwaka 2014 Edwards akapata habari kwamba iko Shelisheli, imetelekezwa, inaoza. Ikachangiwa, ikarudishwa Uingereza, ikakarabatiwa, na mwaka 2023 ikasimama kwenye mstari wa kuanzia. Pen Duick VI nayo ni ile ile ya 1973, na Marie ni binti wa Éric Tabarly, ambaye bahari ilimchukua mwaka 1998.

Sasa tufike kwenye hoja yetu. Kufufua mashindano ya zamani ni kazi ambayo wengi huifanya vibaya, na McIntyre ameifanya vizuri kwa sababu moja: alianza na kanuni, na kanuni zenyewe zina meno.

Kanuni ya kwanza inahusu chombo. Mashua lazima iwe ya mchoro wa zamani, kabla ya mwaka 1988, na urefu wake uwe kati ya futi 47 na 65 na nusu. Hapo tajiri mwenye mashua mpya ya mamilioni ameshafungiwa mlango, hata aje na bahasha nene kiasi gani. Inayofuata inahusu watu: kila kikosi kiwe na mwanamke angalau mmoja na kijana wa chini ya miaka 24. Watu wa mpira tumezoea kusikia kanuni ya wachezaji wa vijana ikipigiwa kelele na makocha, eti inawaharibia kikosi. Baharini hakuna aliyepiga kelele hiyo. Kijana alipanda, akashika tanga kama wenzake, na kwenye hatua za kusini akashika usukani usiku kwenye baridi ya kukata masikio.

Kanuni inayouma zaidi ni ya vifaa. Hakuna GPS. Hakuna kompyuta, hakuna simu janja, hakuna ramani ya kwenye kioo. Unatumia dira, ramani ya karatasi, na kile chombo cha shaba cha kupimia urefu wa jua na nyota juu ya upeo wa macho. Jua lisipoonekana siku tatu, unakadiria. Hata muziki ni wa kaseti. Tulipoisoma hiyo ya kaseti tulicheka, lakini ina maana yake: mwandaaji akiruhusu simu moja kwa ajili ya muziki, keshoye ina ramani, keshokutwa ina utabiri wa hali ya hewa, na mashindano yameisha.

Hapo wapo wanaosema, na tunawasikiliza, kwamba huu ni ubabaishaji wenye hatari. Watu watatu walikufa 1973. Kwa nini leo umnyime baharia kifaa kinachomwambia yuko wapi, kwa ajili ya kumbukumbu tu?

Jibu lipo kwenye namna walivyogawa macho. Kila mashua imefungwa kifaa cha kuifuatilia kwa setilaiti, na watu wa nchi kavu wanaiona saa zote. Aliye ndani ya mashua ndiye haoni. Simu ya setilaiti ipo, lakini ni ya usalama, ya kuongea na waandaaji. Maana yake ni kwamba baharia anacheza mchezo wa 1973 huku anaangaliwa na macho ya leo. Mwaka 1973 mtu akipotea, wa nchi kavu walibaki kuomba Mungu.

Kwamba mpangilio huo unafanya kazi tulikwishaona kwenye mbio nyingine za McIntyre huyo huyo, Golden Globe, ambazo alizifufua mwaka 2018, miaka 50 baada ya zile za kwanza. Hizo ni za mtu mmoja, bila kusimama popote. Kwenye toleo la 2022 walianza 16 kutoka Les Sables-d'Olonne, Ufaransa. Novemba, mashua ya Tapio Lehtinen wa Finland ilizama ndani ya dakika chache kusini mashariki mwa Afrika Kusini. Akabaki kwenye boya la kuokolea, peke yake, mamia ya maili kutoka nchi kavu.

Aliyekuwa karibu ni Kirsten Neuschäfer wa Afrika Kusini, na karibu yenyewe ilikuwa safari ya usiku kucha. Waandaaji wakamruhusu atumie GPS bila adhabu. Akageuza, akashika usukani mpaka asubuhi, akampata mzee wa watu, akamkabidhi kwa meli ya mizigo, akaendelea na mbio. Kanuni zilikuwa zimeandikwa tangu mwanzo kwa hali ya namna hiyo, kwa hiyo muda alioutumia kuokoa ulirudishwa: saa 35 zikakatwa kwenye hesabu yake. Hakuna kamati iliyokaa wiki tatu, hakuna rufaa, hakuna kikao cha dharura cha saa nne usiku.

Aprili 2023 Neuschäfer alifika Les Sables-d'Olonne, na kwa kuwa hakuwa na njia ya kujua wenzake wako wapi, alifika bila kujua kwamba ndiye bingwa. Aliambiwa pale pale. Mwanamke wa kwanza kushinda mbio za kuzunguka dunia peke yake bila kusimama, na ni Mwafrika. Gazeti hili lilipaswa kumpa ukurasa wa mbele siku hiyo. Hatukumpa, na tunakiri. Wa pili alikuwa Abhilash Tomy wa India, ambaye kwenye toleo la 2018 alivunjika mgongo katika Bahari ya Hindi na kuokolewa na meli ya Wafaransa. Akapona, akarudi kwenye mbio zile zile. Kati ya wale 16, waliomaliza bila kusimama ni watatu.

Kwa hiyo hatusemi hakuna hatari. Hata kwenye Ocean Globe, Translated 9 ya Waitaliano, iliyotikisa hatua za mwanzo, ilipasuka mwilini na ikashindwa kumaliza. Mashua ya miaka 40 na ushee ina uchovu ambao rangi mpya haiwezi kuuficha, na mwandaaji wa toleo lijalo aongeze ukali wa ukaguzi kabla ya kuondoka bandarini. Hilo tunalisema wazi. Lakini dawa ya hatari ni ukaguzi na kifaa cha kufuatiliwa. Ukiwapa GPS umewaondolea mchezo, na mwili wa mashua utapasuka vile vile.

Sasa linganisheni na kwetu. Mechi za wakongwe tunazo, tena nyingi. Inatangazwa Jumatano, inachezwa Jumamosi. Dakika 60 au 70, inategemea nani kachoka. Mfungaji bora wa miaka ile anaingia, anatoka, anaingia tena na jezi nyingine. Anayetajwa kuwa mkongwe ukimuuliza alichezea timu gani mwaka gani, anataja jina la msemaji wa klabu. Refa hana kadi mfukoni. Mwisho ni sare ya mabao manne kwa manne, mdhamini anapiga picha na kombe, na yule kipa mzee aliyejifua wiki mbili alfajiri peke yake ufukweni anarudi nyumbani bila mtu kujua kwamba alikuwa amejiandaa kushinda.

Huyo kipa ndiye anayetuuma. Wakongwe wetu hawahitaji kuhurumiwa, wanahitaji kuchezeshwa. Mtu aliyewahi kucheza mbele ya uwanja uliojaa anajua tofauti ya mechi na sherehe hata kabla ya filimbi. Wale wanawake wa Maiden wasingekaa siku zaidi ya 150 baharini kwa ajili ya sherehe, na Marie Tabarly asingeitoa mashua ya baba yake ikapigwe na mawimbi ya kusini kwa ajili ya kumbukumbu.

Basi bonanza lijalo la wakongwe likitangazwa, dawati letu la michezo litaomba kitu kimoja kabla ya kupanga mwandishi: karatasi ya kanuni. Nani anastahili kucheza, dakika ngapi, mabadiliko mangapi, na mshindi anapata nini. Karatasi isipopatikana, tutampeleka mpiga picha peke yake.