Nani Msimamizi wa Daftari?

Haipiti wiki bila kuwasikia vijana walioingia katika biashara ya sarafu za kidijitali wakisema kwamba fedha hii haina bwana. Haina gavana, haina meneja, haina karani wa kukukatalia hundi. Sheria yake ni programu ya kompyuta, na programu, ati, haijui upendeleo. Maneno haya ni matamu, nami nayapinga. Tena kwa ushahidi wa sarafu hizo zenyewe, wala si kwa chuki ya mzee dhidi ya mambo mapya.

Tuchukue sarafu iitwayo ether. Haikai mfukoni. Ni mstari tu katika daftari moja kubwa, liitwalo blokicheni, ambalo nakala zake zimo katika maelfu ya kompyuta duniani. Mwenye mali ana ufunguo wa siri. Kwa ufunguo huo hutia saini, na saini hiyo ndiyo amri ya kuhamisha. Mwaka 2016 watu walichanga ether zenye thamani ya dola milioni 150 hivi katika mfuko ulioitwa The DAO, usiokuwa na mkurugenzi ila programu. Tarehe 17 Juni mtu mmoja aliona ufa katika programu hiyo, akaanza kuchota, na ether zipatazo milioni 3.6 zikatoka. Hakuvunja mlango, alipita palipokuwa wazi. Kama kweli programu ndiyo sheria, basi jamaa huyo alikuwa ameitii.

Je, walisema hivyo? La hasha! Tarehe 20 Julai kanuni za daftari zilibadilishwa ili mali ile irudi kwa waliochanga. Kabla ya hapo ilipigwa kura, lakini kura yenyewe ilipimwa kwa wingi wa sarafu, si kwa vichwa vya watu, na wengi hawakushiriki kabisa. Siwalaumu kwa kurudisha mali ya watu. Hata mimi ningeirudisha. Nalaumu kwamba baada ya kufanya kazi ya gavana, wenye sauti waliendelea kuhubiri kwamba hakuna gavana.

Waliokataa mabadiliko walibaki na daftari la zamani, nalo likaitwa Ethereum Classic. Hapo ndipo ilipoanza taabu ya mtu wa kawaida, ambayo wasifiaji huipita haraka haraka. Kila mwenye ether alijikuta ana mali katika madaftari mawili, kwa ufunguo ule ule mmoja. Ukitia saini kumlipa mtu ether 10 katika daftari jipya, yeyote aliweza kuichukua amri ile ile, bila kubadili hata herufi, akaipeleka katika daftari la zamani. Na huko nako zikaondoka 10. Fikiri, ndugu msomaji, umeandika hundi moja ikalipwa katika benki mbili, kwa kuwa zote mbili zina kielelezo kimoja cha saini yako. Hata baadhi ya masoko ya kubadilishia sarafu yalipoteza za upande wa zamani kwa njia hiyo: mteja alitoa za upande mpya, na za zamani zikamfuata. Ikiwa wenye kazi yao walinaswa, fundi seremala angenusurikaje?

Dawa ilikuwapo. Kabla ya kuhamisha chochote, ilibidi mtu azitenganishe sarafu zake kwa kuzipitisha katika programu ndogo iliyoweza kutambua imo katika daftari lipi, ikazipeleka kwenye anwani mbili tofauti. Lakini nani alimwambia? Namba ya kutambulisha daftari ndani ya saini ilianza kutumika upande mpya mwezi Novemba 2016, na upande wa zamani Januari 2017. Daftari lilipasuliwa kwanza. Kinga ikaja miezi minne baadaye.

Nimejibiwa kwamba mwenye ether alipata sarafu mbili kwa bei ya moja, basi analalamikia nini? Jibu hilo humfaa aliyejua kuzitenganisha. Asiyejua alipewa mali kwa mkono wa kulia, ikachukuliwa kwa mkono wa kushoto, wala hakuona mkono wowote.

Wala msiniambie hayo yamepita. Septemba 2022 daftari la Ethereum liligawanyika tena, baada ya baadhi ya wachimbaji kukataa utaratibu mpya wa kulihakiki. Siku chache baadaye mtu alihamisha ether 200 kwa daraja, yaani programu ya kuvusha sarafu kutoka daftari moja hadi jingine. Kisha akaurudia ujumbe ule ule katika tawi la wachimbaji, akapata sarafu 200 nyingine za tawi hilo. Daraja halikuwa likikagua vizuri namba ya daftari. Miaka sita imepita, somo ni lile lile, na mwanafunzi bado hajalishika!

Huku kwetu, mtu akituma fedha kwa simu zikaenda nambari isiyo yake, ana pa kupiga kulalamika. Huenda asizipate, lakini yuko mtu wa kumjibu. Wanaowauzia vijana wetu sarafu hizi nawataka waandike mambo mawili katika karatasi zao za matangazo, kwa herufi kubwa kama zile wanazoandikia faida: daftari likigawanyika, nani atatenganisha mali ya mteja, na nani atalipa amri yake ikirudiwa.